Pasaka ya Mapema, Mtaa wa Sikukuu

Mimi sipendi kelele, na kila mpangaji wangu huambiwa hivyo kabla hajaingiza godoro. Nyumba aliniachia baba yangu, mzee Bushiri: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, hapo Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Masharti yangu hayabadiliki. Redio chini, watoto wasikimbie ukumbini, ugomvi wa mke na mume uishie chumbani. Elisaria alipokuja, Mmachame mrefu mwenye duka la misumari na makufuli karibu na sokoni, aliyakubali yote bila kubisha. Akaingiza kitanda, meza, mkewe Aikaeli na mtoto wao mgongoni. Mwisho akaingiza dude la shaba limefungwa shuka, mdomo wake mpana kama beseni la kufulia.

"Hilo nini?" nikamuuliza.

"Tarumbeta, Bi Sitara. La kanisani."

"Linalia?"

"Likipulizwa."

Hapo ningemrudisha yeye na beseni lake. Sikumrudisha, na hadi leo sijui nilifanya vizuri au vibaya.

Mtoto aliitwa Ndeshi. Basi kama ilivyo desturi tukawaita wazazi wake Baba Ndeshi na Mama Ndeshi, majina yao wenyewe yakabaki kanisani. Alikuwa mtundu yule! Baba yake akilisugua tarumbeta uani kwa majivu na ndimu, tena ndimu zangu, za mti wangu, yeye hutumbukiza kichwa ndani ya ule mdomo mpana na kuita jina lake mwenyewe: "Ndeshiii!" Kisha husikiliza shaba ikimwitikia. Anacheka mpaka anakaa chini. Mimi nagomba, "Jamani, kelele!" na huku nami nacheka.

Walikuwa Walutheri, na kikundi chao cha matarumbeta kilipiga kanisani kila sikukuu. Baba Ndeshi alipiga lile la besi, kubwa kuliko yote. Nilizoea kumtania. "Nyinyi Wachaga mmeshindwa kukaa kimya hata mbele ya Mungu?" Naye anasema, "Na nyinyi wa Pwani mngelala hata mbele yake." Siku moja nilimuuliza hasa, mbona nyimbo zao nyingine zimechangamka hivyo, kama za harusi. Akaacha kusugua.

"Bi Sitara, kwetu furaha siyo kicheko. Kicheko kinakuja chenyewe. Furaha tumeagizwa."

"Kuagizwa? Kama mtu anavyoagizwa chumvi dukani?"

"Hasa. Na siku nyingine unafika dukani, hakuna."

"Sasa unafanyaje?"

"Unasimama foleni," akasema, na wote tuliokuwa uani tukaangua kicheko, kwani ilikuwa miaka ile ya unga wa njano na hakuna aliyekuwa hajui foleni. Mimi nikamwambia sisi tumeagizwa subira, na subira angalau naielewa. Akasema labda ni ndugu, subira na furaha, baba mmoja, mama mbalimbali. Maneno mengi kuliko hayo sikupata kuyasikia kutoka kwake kwa miaka.

Surua ikaja. Ilipita mtaa kwa mtaa, Ilala, Mchikichini, mpaka kwetu. Ndeshi alikuwa amefikia umri wa kung'oka meno. Aliugua, akaonekana kupata nafuu, akaomba ndizi, halafu kifua kikambana na akatutoka asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake. Ilikuwa katikati ya Kwaresma, majuma yao ya kufunga na huzuni. Wachaga hurudisha maiti zao nyumbani, kila mtu azikwe kwenye kihamba, shamba la nyumbani kwa baba yake, chini ya migomba. Lakini petroli ilikuwa ya kuwinda, gari halikupatikana, na joto la Dar es Salaam halimsubiri mtu. Wakaamua azikwe Kinondoni. Mama Ndeshi alipoambiwa hivyo alisema tu, "Mchangani?" Basi.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Lakini yule mama alinishika mkono tangu nyumbani na hakuniachia, nikajikuta Kinondoni nimejitanda kanga, nimesimama katikati ya Wakristo. Kikundi kilipiga nyimbo za msiba, taratibu, tukalia. Kaburi likafukiwa, maua yakawekwa. Watu walipoanza kugeuka, Baba Ndeshi akalivaa tarumbeta lake begani akapiga wimbo mwingine.

Yarabi! Ulikuwa wimbo wa shangwe. Nilikuwa nimeusikia uani kwangu kila Pasaka, unapanda na kupanda tena, hata mtoto anaweza kuuchezea. Wenzake wakateremsha matarumbeta yao wakabaki wanamtazama. Yeye alipiga peke yake, macho makavu, mashavu yamejaa upepo, juu ya kile kichuguu kidogo cha mchanga. Hakuruka ubeti.

Mama Ndeshi akaniachia mkono. "Mnyamazisheni!" akapiga kelele. "Anashangilia nini? Huyu anashangilia nini?"

Hakuna aliyemnyamazisha. Akamaliza, akalivua, akalifunga kwenye shuka lake, tukarudi nyumbani.

Tangu siku ile nyumbani kwangu kulikaa swali moja, na lilikuwa kama mpangaji wa chumba cha saba: yule baba alifurahia mwanawe kufa? Hakuna aliyelitamka. Mama Ndeshi alimpikia mumewe, alimfulia, aliitika akiitwa. Hakumuuliza. Naye hakueleza. Tarumbeta lilitundikwa ukutani chumbani mwao na halikulia tena. Wenzake wa kikundi walikuja kumwomba, akawaambia midomo inamsumbua. Pasaka zikapita, yeye amekaa kitandani anatazama sakafu.

Na sisi kila siku tunamwita marehemu. "Baba Ndeshi, maji yamekuja." "Mama Ndeshi, chungu chako kinaungua." Nilipojaribu kumwita yule mwanamke Aikaeli, kwa kumwonea huruma, alinigeukia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. "Mimi ni Mama Ndeshi, Bi Sitara." Mara nyingine nikipita mlangoni kwao mchana, pazia limeinuliwa na upepo, namwona amesimama ukutani, sikio amelitia kwenye mdomo wa lile tarumbeta. Anasikiliza. Nilikuwa napita haraka, nikisoma Kulhuwallahu kimoyomoyo.

Halafu ule mlio ukaanza. Alfajiri, kabla ya adhana, huko uani: fuuu. Kimya. Fuuu. Kama mtu mkubwa anayevuta pumzi zake za mwisho. Uwesu, mpangaji wa chumba cha nyuma, muuza samaki aliyekuwa akitoka mapema kwenda Feri, aliusikia siku moja akiwa na ndoo mkononi. Aliitupa ndoo, akarudi ukumbini mbio. "Bi mkubwa, nyumba yako ina jini, na jini lenyewe lina pumu!" Nikamwambia akome kuniharibia jina. Mwezi haukuisha akahamia Buguruni. Mimi mwenyewe nilikuwa nafukiza ubani, nikiamka kutawadha naufungua mlango wa uani kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika fagio. Ubani haukusaidia kitu.

Mwisho hasira zikazidi woga. Nyumba ni yangu, hilo jini linalipa kodi kwa nani? Nikatoka. Kwenye mbuzi yangu ya kukunia nazi alikuwa amekaa Baba Ndeshi, lile dude begani, mdomo kwenye shaba, anapuliza. Hakuna sauti iliyotoka. Pumzi tu, fuuu, ikipita kwenye ile mikunjo yote na kutokea upande wa pili.

"Ala! Kumbe ni wewe unayetutoa roho?"

"Shikamoo, Bi Sitara."

"Marahaba. Puliza basi lilie, tujue moja."

"Halilii. Midomo imekataa tangu siku ile."

Nikakaa juu ya kinu. Nami nina mdomo usiojua adabu, nikamuuliza lile ambalo nyumba nzima ilikuwa inaliogopa. "Baba Ndeshi, siku ile ulikuwa unashangilia nini?"

Akaliteremsha tarumbeta magotini. Kisha akanieleza. Kwao mlimani makaburi yako nyumbani, migombani. Alfajiri ya Pasaka matarumbeta hupita kaburi kwa kaburi, hupigia kila marehemu ule wimbo wa kufufuka, ili na aliyelala asikie kuwa kaburi limeshindwa. Mpaka siku hiyo ifike wimbo ule haugusiki, Kwaresma nzima umefungiwa. Kila mtoto wa Machame anajua.

"Sasa wangu nimemwacha mchangani, mji wa watu," akasema. "Nilijiuliza, Pasaka atakuja nani Kinondoni kumpigia? Kama na mimi nikifa? Nikaona nimpe Pasaka yake palepale. Mapema."

"Na mkeo anajua?"

"Hajui. Usimwambie."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ataniuliza kama furaha yenyewe nilikuwa nayo wakati napuliza." Akafuta mdomo wa shaba kwa kiganja. "Sikuwa nayo. Nilikuwa mtupu kama hili. Kama ulikuwa uongo, basi nimemzika mwanangu kwa uongo."

Nikainuka nikachota maji ya kutawadha.

Miaka ikaenda. Siku moja tunachambua mchele, mimi na Mama Ndeshi, kapu katikati, akaanza kusema bila kuulizwa. Kwamba mwaka ule wa msiba, kabla hata Pasaka haijafika, alikwenda Magogoni akapanda pantoni. Hakuwa na safari ya Kigamboni. Hakuwa na nia ya kufika ng'ambo kabisa. Alisimama pembeni kwenye mnyororo, maji yanapita chini, anangoja watu wageuke.

"Nikasikia mtu anaimba kwa pua," akasema. "Wimbo ule. Ule wa makaburini. Nikageuka kwa hasira nimwone ni nani mwenye roho ya hivyo. Ilikuwa ni mimi. Ulikuwa mdomoni mwangu, Bi Sitara, na sikuuweka mimi. Nikijaribu kuunyamazisha unapanda. Nikauimba mpaka tukagonga ng'ambo. Nikateremka, nikanunua mihogo, nikarudi."

"Ile mihogo tuliyokula wote? Ilikuwa michungu!"

"Sikuwa na akili ya kuchagua."

Tukacheka, kisha akaanza kulia, nami nikalia. Nikamwambia, "Nenda kamwambie mumeo."

Akakaza uso. "Simwambii ng'o. Aliniharakishia. Ulikuwa wakati wangu wa kulia, yeye akaleta Pasaka. Wimbo ule ulinirudisha nyumbani nami nikauchukia zaidi, kwa sababu ulikuwa wake. Na wewe usimwambie."

Unanielewa shida yangu? Watu wawili chumba kimoja, kitanda kimoja, kila mmoja amenikabidhi dawa ya mwenzake na kunifunga mdomo. Nami sikuwahi kuzoea kufungwa mdomo. Kila alfajiri, fuuu. Kila mchana, sikio kwenye shaba.

Kwaresma nyingine ikafika, mwaka ambao sabuni ilionekana kwa bahati. Baba Ndeshi akaugua kifua. Hospitali walimweka, wakamtoa, wakasema moyo umechoka na mapafu yana maji. Akarudishwa chumbani, amekonda, miguu imevimba. Kaka yake mkubwa akashuka kutoka Machame, mzee mkali mwenye koti zito kwenye joto letu, na alasiri moja tumekaa pale, mimi mlangoni na bakuli la uji, akaanza kupanga. Safari hii gari litapatikana, akasema. Likitokea la kutokea, nafasi ya Elisaria iko tayari kihambani, kando ya baba yao.

"Nizikeni Kinondoni," akasema mgonjwa.

Yule mzee alimtazama kama aliyetukanwa. Mchaga mwenye kihamba chake kuomba mchanga! Hata Mama Ndeshi akageuka. "Kinondoni? Kwa nini?"

Baba Ndeshi akafumba macho. Nikaona amekusudia kuondoka na jibu lake, na huyu mke atabaki na swali lake mpaka naye aingie ardhini. Hasira zilinipanda kutoka kwenye visigino.

"Mwambie kwa nini!" nikafoka, uji ukamwagika. "Nimechoka kuwa kabati lenu! Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie ulikuwa unampa mtoto Pasaka yake, ulihofia hatatokea wa kumpigia. Mwambie! Na wewe mama, mwambie habari ya mihogo!"

Nje fundi cherehani alikuwa anakanyaga mashine yake, tunaisikia.

"Ni kweli?" akauliza Mama Ndeshi.

"Kweli. Na nikilala pale, Pasaka ikifika hatakuwa peke yake."

"Ulikuwa nayo? Hiyo furaha. Siku ile."

"Sikuwa nayo," akasema, na machozi ambayo hayakumtoka makaburini yakateremka sasa kuelekea masikioni. "Nilisimama foleni tu."

Mama Ndeshi akakaa kitandani. Akamweleza habari ya pantoni, yote, sauti yake ikiwa chini, amemtazama magoti. Alipofika kwenye mihogo Baba Ndeshi akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kaka yake akamwinua, akaendelea kucheka ndani ya kikohozi. "Kumbe," akasema. "Kumbe ilifika. Mimi nilingoja huku, yenyewe ilipita kwako."

Mkewe akainuka akalitoa tarumbeta ukutani. Akalifuta vumbi kwa kanga yake, akaliegemeza kifuani kwa mumewe, akamshikia.

"Puliza."

"Sina pumzi, Mama Ndeshi."

"Puliza hizo zilizopo."

Akaweka mdomo. Fuuu. Ule ule mlio uliomhamisha Uwesu, ila sasa hafifu zaidi. Fuuu. Na juu ya pumzi ile Mama Ndeshi akaanza kuuimba wimbo, kwa pua kwanza, halafu kwa maneno ya kwao Kimachame ambayo mimi siyajui. Pumzi ikikatika, anamngoja. Ikirudi, anaendelea. Kilikuwa kitu kibovu, hakina mdundo, mzee wa koti amejifunika uso. Lakini mimi nilikuwepo na nasema nilichokiona: ile furaha waliyoagizwa ilikuwa mle ndani na sisi, chumbani, karibu na kitanda. Niliiogopa. Sikujua kama inaweza kuingia mahali penye mtu anayekufa.

Alikufa kabla ya Pasaka. Kaka yake hakubisha tena, tukaenda Kinondoni, mara hii kwa miguu yangu mwenyewe bila kushikwa mkono. Kaburi lilipofukiwa Mama Ndeshi akawaambia wenye matarumbeta wapige wimbo wa kufufuka. Mchungaji akamnong'oneza, "Mama, bado ni Kwaresma."

"Najua ni Kwaresma. Pigeni."

Wakapiga. Besi haikuwepo, pakawa na tundu katika wimbo mzima, na kila aliyemfahamu alilisikia. Ndugu wengine walinung'unika. Mama mmoja mgeni aliuliza kwa sauti hawa wanashangilia nini. Nilimgeukia nikamwambia anyamaze.

Siku chache baadaye, alfajiri, nimeamka kutawadha, nikasikia huko uani: fuuu. Nilimwona akifukiwa, kwa macho yangu! Nikasimama nyuma ya mlango nikiitafuta dua, haiji. Fuuu. Nikajitia moyo nikafungua.

Mama Ndeshi alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya nazi, lile dude begani limemzidi, mashavu amejaza upepo.

"Shikamoo, Bi Sitara. Nimekuamsha?"

"Marahaba. Unafanya nini, mwanangu?"

"Najifunza," akasema. "Pasaka ni Jumapili, na wako wawili."

Nikamwambia apulize kwa nguvu, asijali kelele.